Kuwait walitumia mabilioni halafu mapipa yakapungua: kisa cha Mina Abdullah na Mina Al-Ahmadi

Nianze na hesabu, maana hii hesabu ndo ilinivuta kwenye hii habari na mpaka leo sijatoka. Kabla ya 2017 Kuwait walikuwa na rifaineri tatu, yaani viwanda vya kusafisha mafuta ghafi, zote zimepangana ufukweni kusini mwa jiji lao. Mina Al-Ahmadi ilikuwa na uwezo wa mapipa 466,000 kwa siku, Mina Abdullah 270,000, Shuaiba 200,000. Jumla 936,000. Wakaita makontrakta kutoka Korea, Japan, Uingereza na Marekani, wakasaini mikataba ya kama dola bilioni 12, wakachomelea vyuma miaka nenda miaka rudi, na walipomaliza uwezo wao ukawa mapipa 800,000. Yaani umeshuka. Shuaiba imefungwa kabisa, Al-Ahmadi imepunguzwa mpaka 346,000, Mina Abdullah peke yake ndo imepanda mpaka 454,000.

Mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya. Sisi tukisikia rifaineri inapanuliwa tunajua tu ni mapipa mengi zaidi, sasa mtu mwenye akili zake anatoaje pesa zote hizo ili asafishe kidogo? Jibu liko ndani ya pipa lenyewe, na ukilielewa utaelewa pia kwa nini rifaineri yetu ya Changamwe, kule Mombasa, ilikufa, nitafika huko.

Mafuta ghafi ya Kuwait si mepesi sana, si mazito sana, ni ya katikati, lakini yana salfa nyingi, kama asilimia 2.5 ya uzito wake. Pipa moja la mafuta hayo lina uzito wa kilo 136 hivi, kwa hiyo humo ndani kuna salfa karibu kilo 3.4. Chukua pakiti ya unga ya kilo mbili, weka na nyingine iliyopunguzwa kidogo, hiyo ndo salfa ya pipa moja. Sasa zidisha mara mapipa 800,000, unapata zaidi ya tani 2,700 za salfa zinaingia kiwandani kila siku ya Mungu. Ikichomwa ndani ya injini au kwenye boila la umeme inageuka moshi unaokaba kifua na kuleta mvua ya asidi, na pia inaharibu vile vifaa vya kusafisha moshi kwenye magari mapya, ndo maana Ulaya dizeli hairuhusiwi kuzidi ppm 10 za salfa, yaani gramu 10 ndani ya tani nzima. Kutoka asilimia 2.5 mpaka ppm 10 ni safari ndefu mno, huwezi kuifanya kwa kuchemsha tu.

Rifaineri ya kizamani kazi yake kubwa ilikuwa ni kuchemsha. Kanuni ni ileile ya mtungi wa chang'aa: unapasha, mvuke unapanda, unaupoza, unakinga. Tofauti ni kwamba mnara wa mafuta unakinga vitu tofauti kwa ngazi tofauti, juu kabisa gesi, kisha malighafi ya petroli, kisha mafuta ya taa na ya ndege, kisha dizeli, na kile kinachogoma kupanda kinabaki chini, cheusi, kizito, kama lami inayokaribia kuganda. Salfa nyingi ya pipa inakimbilia huko chini. Kwa miaka mingi hilo halikumsumbua mtu, hayo mafuta mazito yaliuzwa kwa meli na kwa vituo vya umeme, na Kuwait wenyewe walikuwa wanayachoma kwa wingi kuendesha viyoyozi, na joto la kule kiangazi linapita nyuzi 50 kwa hiyo umeme hauna mchezo. Halafu soko likaanza kufunga milango. Mlango mkubwa kabisa ulifungwa tarehe 1 Januari 2020, Shirika la Kimataifa la Bahari lilipoteremsha kiwango cha salfa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 mpaka asilimia 0.5. Rifaineri yoyote ambayo nusu ya biashara yake ni hicho cheusi cha chini ilijua siku hiyo inakuja na bei yake itaanguka.

Kwa hiyo mradi wa Kuwait, ambao kwa Kiarabu wameuita al-Wuqud al-Bii, mafuta rafiki kwa mazingira, haukuwa mradi wa kuongeza mapipa. Ulikuwa mradi wa kukishughulikia kile cha chini. Pesa nyingi ziliingia kwenye mitambo inayokuja baada ya mnara. Kuna mitambo inayochukua masalio na kuyasukuma pamoja na haidrojeni juu ya kichocheo, kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia, kwa joto la karibu nyuzi 400 na presha kubwa sana, haidrojeni inaing'ang'ania ile salfa inaitoa kama gesi. Kuna haidrokraka, hiyo inavunja vipande vikubwa vya mafuta mazito viwe vidogo, unapata dizeli na mafuta ya ndege pale ambapo zamani ulipata uchafu. Kuna koka, inayoyapika masalio ya mwisho kabisa mpaka yanabaki makaa magumu. Na nyuma ya yote hayo kuna mitambo ambayo watu hawaizungumzii ila bila yenyewe hakuna kitu kinachoenda: ya kutengeneza haidrojeni kutokana na gesi asilia, na ya kugeuza ile gesi ya salfa iwe salfa ya njano iliyoganda, unaipakia melini unauza, inaenda kutengeneza mbolea. Salfa iliyokuwa inapitia bombani mwa gari inaishia shambani.

Sasa ukishaweka vyote hivyo, pipa lilelile linakupa dizeli safi zaidi na cheusi kidogo zaidi. Mapipa 800,000 yanaingiza pesa nyingi kuliko 936,000 ya zamani. Shuaiba ilijengwa 1968, na enzi zake ilikuwa ya kisasa kupita kiasi, watu walikuwa wanaitolea mfano kwa sababu ilitegemea haidrojeni kiwanda kizima. Lakini kufika 2017 ilikuwa na karibu miaka 50, na wakaona kuifikisha kwenye viwango vipya ni gharama isiyolipa, wakaizima. Mimi naona huo ndo uamuzi mgumu na wa busara kuliko yote kwenye kisa hiki. Kufunga kitu ambacho bado kinafanya kazi, chenye watu wanaokula kwacho, ni vigumu kuliko kukata utepe.

Mjomba wangu upande wa mama alikuwepo kule wakati wa ujenzi, fundi wa skafoldi chini ya kontrakta mdogo, wale wanaopewa kazi na kontrakta mkubwa. Mengi ninayoyajua kuhusu mahali penyewe nimeyatoa kwake, tukiwa barazani. Aliniambia kitu cha kwanza ulichopewa si kofia, ni kidude kidogo cha njano unakibana kifuani, kazi yake ni kulia ile gesi ya salfa ikifika ppm 10 hewani. Gesi hiyo ikiwa kidogo inanuka kama yai viza, ikizidi pua inakufa ganzi husikii harufu tena, na hapo ndo inaua. Kwa hiyo sheria ilikuwa usiamini pua yako, amini kidude. Kikilia unaangalia bendera, au soksi ya upepo, unakimbia kukatiza upepo, hukimbilii kule upepo unakoelekea. Anasema wageni wote makosa yao yalikuwa yaleyale, walikuwa wanakimbilia getini walikoingilia, hata kama geti liko upande upepo unakoelekea.

Tena anasema kitu alichokiona akakaa kimya ni siku reakta ya haidrokraka ilipopitishwa. Reakta ni kama mtungi mkubwa uliosimama, ukuta wake wa chuma unene kama shubiri nzima kwa sababu ya ile presha, ililetwa juu ya trela la matairi mengi akajaribu kuyahesabu akashindwa, inatambaa usiku, watu wanatembea kwa miguu kando yake na wanaiacha nyuma. Kazi nyingi zilikuwa za usiku kipindi cha kiangazi, maana Kuwait kuanzia 1 Juni mpaka mwisho wa Agosti kazi ya juani imekatazwa kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni. Alirudi na mikono migumu na akiba ya kununua kiwanja, ila pia alirudi na mishahara miwili ambayo mwajiri wake yule mdogo hakumlipa mpaka leo, na hilo silifichi kwa sababu mradi wa mabilioni umejengwa na watu kama yeye na mtu wa mwisho kwenye mnyororo ndo anayekosa.

Turudi kwenye mradi. Kilichonishangaza zaidi ya pesa ni muda. Fikra za huu mradi ni za miaka ya 2000 mwanzoni. Sambamba nao kulikuwa na mpango wa rifaineri mpya kabisa, Al-Zour, mapipa 615,000, karibu na mpaka wa Saudia. Mikataba ya Al-Zour ikatolewa 2008 kisha ikafutwa Machi 2009 baada ya wabunge kulalamikia jinsi tenda zilivyoendeshwa. Bunge la Kuwait enzi hizo lilikuwa na meno, tofauti na majirani zake, na mradi wowote mkubwa wa mafuta ulikuwa unapita kwenye maswali makali. Kuna mtu atasema hiyo ndo demokrasia, mali ya umma lazima ihojiwe, na mimi nakubaliana naye. Lakini Saudia na Imarati, yaani Falme za Kiarabu, hawakusubiri. Saudia ikafungua rifaineri mbili mpya za mapipa 400,000 kila moja, Jubail na Yanbu, kufikia 2014 na 2015, na Imarati ikapanua Ruwais kipindi hichohicho. Kuwait ndo kwanza walikuwa wanasaini, Aprili 2014.

Kazi iligawanywa mafungu matatu. Mina Al-Ahmadi walipewa JGC ya Japan pamoja na GS na SK za Korea. Mina Abdullah ikakatwa vipande viwili, kimoja Petrofac na Samsung na CB&I, kingine Fluor na Daewoo na Hyundai. Ukiangalia utaona kila fungu lina Mkorea ndani yake, na hiyo ilikuja kusaidia kwenye mkopo. Wakati wanasaini pipa la mafuta lilikuwa juu ya dola 100. Januari 2016 likashuka chini ya 30. Nchi ambayo bajeti yake karibu yote ni mafuta ikajikuta imeshaanza mradi mkubwa huku mfuko unakauka. Hapo wakafanya jambo ambalo kampuni yao ya taifa, KNPC, haikuzoea, wakaenda kukopa. Aprili 2016 benki za ndani zikawapa dinari bilioni 1.2, na 2017 wakapata karibu dola bilioni 6.2 kwa udhamini wa mashirika ya serikali za Korea Kusini, Japan, Italia, Uingereza na wengine, yale ambayo kazi yake ni kukopesha mteja anayenunua kutoka kwa makampuni ya nchi zao. Mkorea anakujengea, na serikali ya Korea inakusaidia kumlipa.

Walipanga kumaliza 2018. Haikuwa. Vipande vikaanza kuwashwa kimoja kimoja, korona ikaingia katikati, na mpaka mitambo yote ije kusimama na kufanya kazi ilikuwa ni 2021 kuingia 2022.

Sehemu ya kuchelewa huko naielewa na siwalaumu. Kujenga rifaineri jangwani patupu ni jambo moja, lakini hawa walikuwa wanajenga ndani ya kiwanda kinachowaka. Paipu mpya inaunganishwa na paipu ya zamani yenye mafuta ndani, welda anawasha moto mita chache kutoka kwenye kitu ambacho hakitakiwi kuona moto kabisa, na kila unganisho linahitaji permiti, kupimwa gesi, mtu wa kulinda moto, na kusubiri mtambo uzimwe kwa ratiba. Na Mina Al-Ahmadi si mahali pa kubahatisha. Tarehe 25 Juni 2000 bomba lilivuja pale, wafanyakazi wakiwa wanahangaika kulidhibiti wingu la mvuke likashika moto, watu 5 wakafa na 50 wakajeruhiwa na kiwanda kikalemaa muda mrefu. Oktoba 2021, mradi ukiwa ukingoni, moto mwingine ukawaka kwenye mtambo wa kutoa salfa kwenye masalio. Januari 2022 moto tena, safari hii kwenye mtambo wa gesi uliokuwa kwenye matengenezo, wafanyakazi wawili wa kontrakta wakafa siku ileile na wengine wakaungua vibaya. Nimetaja hizi tarehe kwa makusudi. Mitambo ya haidrojeni na presha ndo inayotoa mafuta safi, na mitambo hiyohiyo ndo inayomtaka mtu awe makini kupita ile ya kuchemsha tu, na wanaolipa kosa likitokea mara nyingi ni vibarua wa matengenezo, si wahandisi waliochora.

Je ililipa? Mimi nasema ndiyo, ila walipata bahati pia. Tarehe 5 Februari 2023 Ulaya ilifunga mlango kwa dizeli na bidhaa za mafuta za Urusi, na Ulaya ilikuwa inategemea sana dizeli hiyo. Ghafla kukawa na mnunuzi mwenye haraka anayetaka hasa dizeli ya ppm 10, na mafuta ya ndege, na Kuwait ndo kwanza wamemaliza kutengeneza mitambo ya kutoa vitu hivyo. Wangebaki na rifaineri zao tatu za zamani wangetazama meli za Saudia na India zikipita. Lakini wangemaliza miaka kumi mapema kama ilivyofikiriwa, wangekuwa wameuza dizeli safi kipindi chote kile ambacho pipa lilikuwa juu ya 100. Hayo mapato hayarudi.

Palipo na kasoro ya kweli kwa maoni yangu ni ndugu yake, Al-Zour. Ile ikafufuliwa, mikataba mipya 2015, sehemu ya kwanza ikaanza biashara Novemba 2022 na yote ikakamilika kufikia mwanzo wa 2024. Sababu kubwa ya kuijenga ilikuwa kutoa mafuta mazito yenye salfa kidogo ya kulisha vituo vya umeme vya Kuwait. Mwaka 2021, kabla haijawaka, Kuwait hiyohiyo ikafungua kituo kikubwa cha kupokea gesi asilia iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, palepale Al-Zour, ili vituo vya umeme vichome gesi. Rifaineri iliyojengwa kuwalisha majirani wa umeme ikajikuta majirani wameshapata chakula kingine. Mafuta hayo yakaanza kusafirishwa nje kwa meli, na kwa bahati yana soko kwa sababu ya ile sheria ya meli ya 2020. Lakini kupanga kwa miaka 15 halafu sababu iliyokufanya upange ikaondoka, hiyo ndo hasara ya kuchelewa ambayo haionekani kwenye hesabu za mradi.

Sasa Changamwe. Mimi nimekulia upande ule, usiku ulikuwa unaona mwenge wa rifaineri, ule moto wa juu ya mnara, na mama alikuwa akiuona umekua mkubwa anafunga dirisha. Rifaineri ya Mombasa ilifunguliwa 1963, ikawa inasafisha zaidi Murban, mafuta ghafi ya Abu Dhabi, na ilikuwa ya aina ile ya kuchemsha, haikuwa na haidrokraka wala koka. Sehemu kubwa ya pipa ilitoka kama cheusi cha chini. Mwaka 2009 Essar ya India ikanunua nusu, na mpango ulikuwa kuiboresha kwa gharama ya kama dola bilioni 1.2. Wakapiga hesabu wakaona hailipi, na Septemba 2013 mitambo ikazimwa. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikashusha salfa ya dizeli mpaka ppm 50, kiwango ambacho kiwanda kile kisingekifikia bila kujengwa upya.

Watu wa mtaani wanasema iliuliwa na siasa, na siasa ilikuwepo, wauzaji wa mafuta walikuwa wanalazimishwa kupitisha mzigo wao pale na walilalamika miaka yote kwamba inawagharimu. Lakini ukiiweka kando ya Kuwait unaona jambo lilelile likimkuta mwenye mafuta na asiye nayo. Shuaiba nayo ilifungwa. Tofauti ni kwamba Kuwait walikuwa na mafuta yao wenyewe, nchi zinazotaka kuwakopesha, na rifaineri mbili jirani za kuhamishia mzigo, kwa hiyo walifunga moja wakajenga upya mbili. Sisi tulikuwa na moja, tukafunga hiyohiyo.

Ndo maana naiangalia Hoima kwa makini. Uganda wamesaini Machi 2025 na Alpha MBM ya Imarati, rifaineri ya mapipa 60,000, mwekezaji asilimia 60 na kampuni ya taifa ya Uganda 40. Mafuta ya Uganda ni ya nta, yanaganda yakipoa, lakini salfa yake ni kidogo sana, kwa hiyo ule mzigo mkubwa wa haidrojeni na salfa uliowala Kuwait mabilioni wao hawaubebi kwa kiasi kile. Cha kuwauliza ni swali la cheusi cha chini: kwenye hiyo 60,000 mangapi yatatoka kama masalio, na kuna mtambo gani wa kuyavunja, na kama hakuna, nani atayanunua kutoka kando ya Ziwa Albert, mbali na bahari na mbali na meli.

Pale Changamwe siku hizi mwenge haupo. Matangi yapo, yanapokea dizeli na petroli zilizoshushwa kwenye gati la mafuta la Kipevu, na tangu 2023 Kenya inanunua kwa mkopo kupitia makampuni ya Saudia na Imarati, mafuta yakiwa yameshasafishwa. Mjomba akija kunitembelea tukipita pale huwa ananionyesha mnara kwa kidole na kuniambia ule ungehitaji nini pembeni yake ili uishi, reakta ingekaa wapi, salfa ingetokea wapi, trela lingepita barabara gani.